Barua ya wazi kwa mdogo wangu anayekwenda kusomea uuguzi Washington

Mdogo wangu mpendwa,

Umeniambia kwamba ukishafika Washington, jambo la kwanza utakalofanya ni kwenda kuona ndege na vyombo vya anga za juu kwenye jumba la National Air and Space Museum. Nenda. Ila wewe unakwenda huko kuwa muuguzi, na nataka ujue pale utakapokanyaga palikuwa na nini.

Palikuwa na wodi. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, mwaka 1862, ilifunguliwa pale hospitali ya Armory Square yenye vitanda 1,000. Majeruhi waliletwa kwa meli kutoka Virginia hadi kwenye magati ya mto Potomac, na kwa kuwa Armory Square ilikuwa jirani, wale waliozidiwa, ambao wasingestahimili kutikiswa na mkokoteni hadi hospitali za mbali, waliishia hapo. Ndiyo maana ilipoteza wagonjwa wengi kuliko hospitali nyingine za mji ule. Wodi zenyewe zilikuwa mabanda marefu ya mbao, madirisha pande zote mbili, hewa ipite. Mshairi Walt Whitman alikuwa akipita kitanda hadi kitanda, akiwaandikia barua za nyumbani wasioweza kushika kalamu.

Najua swali lako litakuwa kuhusu kunawa mikono. Habari za vijidudu hazikuwa zimejulikana. Daktari alitoka kwa mgonjwa mmoja akaenda kwa mwingine na kisu kilekile, na usaha uliotoka kidondani ulihesabiwa na wengi kuwa dalili njema. Hata hivyo, risasi hazikuua kama maradhi. Katika kila askari watatu waliokufa vitani, karibu wawili walikufa kwa magonjwa, hasa taifodi na kuhara. Na elimu ilichelewa kuingia: Dkt. D. W. Bliss, aliyekuwa mkuu wa Armory Square, ndiye aliyeongoza matibabu ya Rais Garfield alipopigwa risasi mwaka 1881, na vidole visivyooshwa viliingizwa kwenye jeraha la rais kama ilivyokuwa miaka ya vita. Hilo huniuma kila nikilisoma.

Si mbali na hapo lipo jengo la zamani la Ofisi ya Hataza, iliyosajili haki za wavumbuzi. Wakati wa vita, humo vitanda vya majeruhi vilipangwa katikati ya makabati ya vioo yaliyojaa mifano ya mashine za wavumbuzi. Leo ni jumba la sanaa na picha za watu mashuhuri, na hili halikubomolewa, kwa hiyo utatembea ndani ya kuta zilezile.

Ukifika Richmond, mji mkuu wa majimbo ya Kusini yaliyojitenga, upande wa pili wa vita, kuna kilima cha Chimborazo. Hospitali yake ilipokea wagonjwa wapatao 76,000. Sasa ni bustani, mabanda yote yametoweka, na jumba dogo la makumbusho ya tiba limo katika jengo lililojengwa mwaka 1909 kwa ajili ya watabiri wa hali ya hewa. Soma kila kitu humo, lakini usisahau kuuliza nani alipika, nani alifua mashuka, nani aliwageuza wagonjwa kitandani. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na watumwa Weusi, wanawake kwa wanaume. Kazi ya uuguzi unayoiendea ilibebwa na watu ambao hawakuwa na hiari ya kuikataa.

Na hapa ndipo nilipotaka kufika. Washington kulikuwa na kambi iliyoitwa Camp Barker, ya watu waliotoroka utumwani, na ndani yake hospitali. Mwaka 1863 aliyekabidhiwa kuiongoza hospitali hiyo alikuwa Dkt. Alexander Augusta, Mwafrika wa Marekani aliyesomea udaktari Toronto, Kanada, kwa sababu vyuo vya kwao vilimfungia mlango. Alipewa cheo cha meja, na baadaye madaktari Wazungu waliokuwa chini yake katika kambi nyingine wakamwandikia Rais Lincoln kulalamika kwamba wanaongozwa na Mweusi. Eneo la Camp Barker leo lina shule ya msingi ya Garrison, na penye viingilio vya shule kuna mnara wa kumbukumbu ya kambi hiyo.

Hospitali ya Camp Barker haikufa, mdogo wangu. Armory Square ilivunjwa, Chimborazo ikawa nyasi, lakini hii ya watu waliokuwa hawana hata jina la ukoo kwenye karatasi ilihamahama, ikaitwa Freedmen's Hospital, yaani hospitali ya walioachwa huru, ikafundisha vizazi vya madaktari na wauguzi Weusi, kisha ikawa hospitali ya Chuo Kikuu cha Howard. Augusta mwenyewe alifundisha udaktari Howard tangu mwaka 1868. Jengo lililofunguliwa mwaka 1975 lilisimamishwa mahali palipokuwa na uwanja wa besiboli wa Griffith.

Kwa hiyo ndege zitakungoja. Anza na Garrison, kisha nenda Howard, siku mbili tofauti ukiweza, kwa sababu yapo mengi ya kusoma. Waulize wauguzi wakongwe wa pale walifundishwa nini kuhusu Camp Barker, uniandikie walichokujibu.

Kaka yako