Mdogo wangu, hama baraza kwanza

Mdogo wangu,

Assalaam alaykum. Wifi kaniambia umerudia sigara, na sasa unajiita mtu asiye na nia. Hilo silikubali. Ramadhani nzima ulikuwa unashinda tangu alfajiri hadi maghribi kwenye jua hili la Lamu, bila sigara wala tone la maji. Asiye na nia angeweza?

Ila Ramadhani umefunga wewe na mji mzima. Mchana hakuna wa kukupa pakiti. Zikija sita za Shawwal, ambazo ni siku sita tu za funga ya hiari baada ya Ramadhani, saa ni zilezile, na bado wengi wetu tunaziahirisha mpaka mwezi unatutoroka. Ukipita mtaa wa Langoni unakutana na harufu ya viazi vya karai, jirani anakuita "karibu chai", na jioni futari ni yako peke yako.

Barazani baada ya alasiri ndiyo hivyo hivyo. Nimewaona. Miraa inafunguliwa, karanga zinamwagwa juu ya gazeti, na yule bwana wa pembeni (unamjua, simtaji) akishawasha yake anakunyooshea pakiti bila hata kukutazama, huku anaendelea na habari za mpira. Hakulazimishi. Lakini mkono wako umeshafika kabla hujaamua lolote.

Marekani kuna watafiti waliofuata mtandao wa watu 12,067 wa utafiti wa moyo wa Framingham, tangu 1971 hadi 2003. Matokeo ya sigara yalitoka 2008. Mke au mume akiacha, uwezekano wa mwenzake kuvuta ulipungua kwa asilimia 67. Rafiki akiacha, asilimia 36. Ndugu wa tumbo moja ni asilimia 25 tu, kwa hiyo barua yangu usiitegemee sana! Walichokiona zaidi ni kwamba watu waliacha kwa makundi, marafiki na marafiki wa marafiki, karibu kwa pamoja.

Basi usinilie kiapo kingine. Mtafute yule mwenzio wa mashuani anayekohoa usiku na kusema kila siku anataka kuacha, muanze pamoja. Alasiri nendeni mkakae na wazee wanaocheza bao. Kahawa chungu ipo, na porojo hamtazikosa. Wa baraza la zamani wakiuliza umepotelea wapi, waambie dadako kakutuma.

Wako,
Dada