Majani ya mstafeli na saratani ya kongosho

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo kwa miezi kadhaa limekuwa likizunguka katika vijiwe vya kahawa vya hapa Ngamiani, sokoni, na hata katika makundi ya simu yaliyoanzishwa kwa ajili ya michango ya harusi: kwamba stafeli, na hasa majani ya mti wake yaliyochemshwa, yanatibu saratani ya kongosho. Mimi ni mfamasia mstaafu, na mstafeli ninao uani kwangu, kwa hiyo sisemi haya kwa kuuchukia mti huo.

Habari yenyewe haikuzuka hewani. Mwaka 2012 watafiti wa Nebraska, Marekani, walichapisha matokeo yaliyoonyesha kuwa dondoo la mstafeli, yaani kile kilichokamuliwa kutoka katika mti huo na kukolezwa, lilidhoofisha seli za saratani ya kongosho zilizooteshwa maabara, na likapunguza ukuaji wa uvimbe katika panya waliopandikizwa seli hizo. Kemikali zinazohusishwa na kazi hiyo huitwa asetojenini, nazo huikosesha seli nishati ya kuishi. Mstafeli hauko peke yake: asidi ya elajiki iliyomo katika komamanga, na kwesetini iliyomo katika ganda la tufaha na katika vitunguu, zimewahi kuonyesha nguvu ya namna hiyo dhidi ya seli za kongosho maabarani. Anayesema kwamba matunda hayana kitu anakosea.

Wengi wetu huishia kusoma hapo. Maabarani kemikali humiminwa moja kwa moja juu ya seli, kwa kipimo anachokitaka mtafiti. Anayekunywa kikombe cha majani yaliyochemshwa hajui amekunywa kiasi gani, na hicho alichokunywa kinapita kwanza tumboni, kisha katika utumbo na ini, ambavyo kazi yao mojawapo ni kuvunjavunja vitu vigeni kabla havijafika mbali. Mfano mzuri ni ule wa manjano, kiungo tunachotia katika mchuzi. Mwaka 2008 madaktari wa Houston, Texas, walichapisha matokeo ya kuwapa wagonjwa wa saratani ya kongosho kukumini, kemikali inayoyapa manjano rangi yake, gramu 8 kila siku kwa mdomo. Kiasi kilichoonekana katika damu kilikuwa kidogo mno, na kati ya wagonjwa 21 waliofanyiwa tathmini ni wawili tu walioonyesha unafuu. Gramu 8 za kemikali iliyosafishwa si kijiko cha manjano, wala hakuna mpishi wa Tanga atakayeweza kuifikisha katika mchuzi wake.

Asetojenini, zaidi ya hayo, hazichagui seli ya saratani peke yake. Mwaka 1999 madaktari wa kisiwa cha Guadeloupe, katika Karibi, walieleza kuwapo kwa wagonjwa wengi kuliko ilivyotarajiwa wa aina ya ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa usioitikia vizuri dawa za kawaida, na wakauhusisha na ulaji wa mara kwa mara wa matunda ya jamii ya stafeli pamoja na chai ya majani yake. Kemikali iliyoshukiwa zaidi, anonasini, ni mojawapo ya hizohizo asetojenini tunazosifiwa. Stafeli moja la msimu halina neno. Ninalolihofia ni birika linalokaa jikoni mwaka mzima.

Jirani yangu mmoja, mzee niliyemheshimu sana, aligeuka manjano machoni, mkojo wake ukawa mweusi kama chai ya rangi, choo kikawa cheupe, na mwili ukamwasha usiku kucha. Nyumbani walisema ni homa ya ini, na baadaye, kongosho ilipotajwa, akaletewa majani. Aliyanywa kwa wiki sita. Uvimbe ulioota katika kichwa cha kongosho huubana mrija wa nyongo, na ndiyo maana macho hubadilika rangi. Kwa baadhi ya wagonjwa ishara hiyo hujitokeza wakati ambapo upasuaji bado unawezekana, na upasuaji ndiyo njia pekee inayotoa tumaini la kupona kabisa. Sijui wiki sita zile zingebadilisha nini kwake. Najua tu kwamba hazikurudi.

Mimea haijashindwa na kongosho, na hili vijiweni silisikii likisemwa. Mwaka 1962 gome la mti mmoja wa magharibi mwa Marekani, jamii ya miti yenye sumu, lilikusanywa kwa ajili ya uchunguzi. Muundo wa kemikali yake, paklitakseli, ulichapishwa mwaka 1971. Ikakubaliwa kuwa dawa ya saratani ya ovari huko Marekani mwaka 1992. Na mwaka 2013, ikiwa imefungwa pamoja na protini ya albumini na kutolewa sambamba na dawa ya jemsitabini, ikaidhinishwa kwa saratani ya kongosho iliyosambaa. Ni miaka 51 kutoka gome hadi dripu, na hata hivyo dawa hiyo humwongezea mgonjwa muda tu, kwa kawaida miezi. Sisi wa Tanga tusingepaswa kuishangaa safari hiyo, kwa kuwa milimani Amani miti ya kwinini ilipandwa tangu enzi za Wajerumani, na hakuna aliyepona malaria kwa kulitazama gome lake. Ilibidi kemikali itolewe, ipimwe na ipewe kiasi.

Niongeze jambo moja kuhusu balungi, kwa kuwa ukanda wa Muheza ni wa michungwa na jamaa zake. Mwaka 1989 watafiti wa Kanada, waliokuwa wametumia juisi ya balungi ili kuficha ladha ya pombe katika jaribio lao, waligundua kuwa juisi hiyo ilipandisha sana kiwango cha dawa ya presha, felodipini, katika damu. Balungi huzima kimeng'enya cha utumbo kinachovunja dawa nyingi. Mgonjwa aliye katika matibabu amwambie daktari wake kila anachokunywa, hata kama kimetoka shambani kwake.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Mnapochapisha habari kwamba tunda fulani linaua saratani, andikeni katika aya ya kwanza kama ni seli, panya au watu, na kama ni watu, walikuwa wangapi. Na pembeni yake wekeni dalili: macho kuwa manjano, maumivu ya juu ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni, kukonda bila sababu, kisukari kinachozuka ghafla kwa mtu mzima.

Mwezi huu wamenijia watu wawili kuomba majani. Niliwapa matunda, majani nikawanyima, na mmoja wao, ambaye macho yake sikuyapenda, nilimsindikiza mwenyewe hospitali asubuhi iliyofuata.

Mfamasia mstaafu,
Ngamiani, Tanga