Fimbo Kwanza, Maikrofoni Baadaye: Risala kwa Mgeni wa Heshima

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, mlezi wa kikundi chetu, Mzee wetu wa meza, wazazi, wachezaji mliotoka mitaa ya jirani, na wanakikundi wenzangu, hamjambo?

Karibu Makadara. Tumekuomba uje kufunga mashindano yetu ya mwaka kwa sababu ulishika fimbo kabla ya kushika maikrofoni. Wengi wetu tumekua tukikusikia redioni, tukidhani ulizaliwa mtangazaji. Mzee wetu ndiye aliyetueleza kwamba ulicheza snuka ya mashindano, mchezo wa kuingiza mipira ya rangi kwenye mashimo ya meza kwa fimbo, kwa miaka, na kwamba siku moja ulimshinda mara mbili kabla ya chakula cha mchana. Anaukumbuka hadi leo mpira wa pinki uliomponyoka.

Mheshimiwa, kikundi hiki kilianza na watu saba na meza ndogo ya puli iliyokuwa nje ya duka la kinyozi. Meza kubwa unayoiona mbele yako ilikuja baadaye, ikiwa mitumba. Ni futi 12 kwa futi 6, na chini ya kitambaa hiki cha kijani kuna vipande vitano vya jiwe. Tulivishusha kimoja kimoja kutoka kwenye lori kando ya barabara ya Jogoo, watu sita kila kipande, tukavisukuma kwa mkokoteni hadi hapa ukumbini. Mzee aliisawazisha kwa pimamaji siku nzima, akaziba viungo kwa nta, akapitisha kiganja juu ya jiwe huku amefumba macho. Alipofika mwisho alisema, "Sasa tandikeni."

Huyu Mzee, katika ujana wake, aliajiriwa kwenye chumba cha biliadi cha klabu moja ya jijini. Kazi yake ilikuwa kupiga meza brashi, kuandika pointi, na kucheza na mwanachama aliyekosa mwenzake. Hakuwa mwanachama, lakini mchezo aliujua kuliko wengi waliokuwa. Ametufundisha kupiga brashi kuelekea upande mmoja tu, kutoka anakoanzia mpira mweupe hadi kwenye mpira mweusi, kwa sababu kitambaa cha sufu kina malaika (vinyweleo laini) yaliyolala upande huo. Ukiyapinga, mpira wa polepole hupinda njiani na mchezaji hulaumu mkono wake bure.

Utangazaji kwetu ulianza kwa haja. Ukumbi huu ni mdogo, na siku za mashindano watu husimama nje dirishani. Wa mbele wanaona, wa nyuma wanauliza, "Vipi? Umeingia?" Basi mmoja wetu akawa anawaeleza. Baadaye tukapata kipaza sauti cha kuazima, tukaona tumefika. Mwaka jana, kwenye nusu fainali, mtangazaji wetu, binti wa miaka 16, aliketi hatua tatu kutoka mezani. Mchezaji mgeni alikuwa ameinama, kidevu kiko juu ya fimbo, binti akapaza sauti: "Anaupiga wa bluu!" Mkono ukashtuka, mpira ukakosa. Mgeni alilalamika, naye alikuwa na haki. Binti akaiweka maikrofoni chini, akatoka nje.

Mzee alimfuata. Walikaa kwenye ngazi, na alichomwambia pale ndicho tulichokuja kukisema leo mbele yako.

Alimweleza habari za Ted Lowe, Mwingereza aliyekuwa meneja wa Leicester Square Hall, ukumbi wa snuka wa London. Siku moja mtangazaji aliyepangwa alipotewa na sauti, Lowe akaombwa ashike nafasi yake. Hapakuwa na kibanda cha watangazaji, alikaa katikati ya watazamaji, karibu na meza, kama binti yetu. Kwa hiyo akanong'ona. Mnong'ono ule ndio uliokuja kuwa sauti ya snuka kwenye televisheni ya BBC, hasa tangu mwaka 1969, mchezo ulipopewa kipindi chake ili watu waone rangi kwenye televisheni mpya za rangi. Lowe hakunong'ona ili apendeze, alimheshimu aliyeinama.

Tangu siku ile tumekuwa tukifuatilia maisha ya wachezaji waliogeuka watangazaji, na kila tukizidi kusoma tunaona kwamba kazi ile ya pili hulishwa na ya kwanza, hata pale ya kwanza ilipojaa kushindwa. Clive Everton alicheza kulipwa na hakuwahi kupanda juu ya nafasi ya 47 duniani. Lakini alianzisha jarida la snuka mwaka 1971, akatangaza kwa miongo kadhaa, na alipofariki mwaka 2024 wengi katika mchezo huu walimlilia.

Anayetugusa zaidi ni Dennis Taylor, na naomba uniwie radhi nikikaa kwake kidogo.

Taylor alizaliwa mwaka 1949 Coalisland, Ireland ya Kaskazini. Mwaka 1979 alifika fainali ya dunia, Terry Griffiths akamshinda fremu (yaani michezo midogo inayohesabiwa) 24 kwa 16. Macho yalimsumbua. Mchezaji wa snuka huinama hadi akatazama kwa juu ya jicho, na miwani ya kawaida huishia chini ya pale anapotazamia. Aliyemtengenezea dawa ya hilo ni Jack Karnehm: mchezaji wa biliadi, mtangazaji wa BBC, na fundi wa miwani kwa kazi ya ukoo wao. Akamtengenezea miwani mikubwa yenye vioo vilivyopanda hadi juu ya nyusi, utadhani imevaliwa kichwa chini. Mheshimiwa, mtangazaji aliyekuwa mchezaji ndiye aliyejua shida iko wapi hasa, kwa sababu aliwahi kuinama yeye mwenyewe.

Mwaka 1984 Taylor alifiwa na mama yake ghafla, akajitoa kwenye mashindano aliyokuwemo. Muda mfupi baadaye alirudi na kutwaa mashindano ya Grand Prix. Halafu ikaja fainali ya dunia ya mwaka 1985, ukumbi wa Crucible, Sheffield, dhidi ya bingwa mtetezi Steve Davis. Davis alianza kwa kushinda fremu 8 mfululizo. Taylor akamfukuzia hadi 17 kwa 17. Fremu ya 35 ilipita saa moja, na usiku wa manane ukapita, huku Waingereza milioni 18.5 wakiwa macho mbele ya televisheni. Mezani ilibaki mipira minne, Davis ana 62, Taylor ana 44. Akaingiza wa kahawia, nne. Wa bluu, tano. Wa pinki, sita. Ikawa 62 kwa 59, na mweusi wenye pointi saba umebaki peke yake. Wakaukosa, huyu na yule. Mwishowe Davis akaukata wembamba mno, shimo likakataa. Taylor akainama na miwani yake, ukaingia. Katika fainali nzima hiyo ndiyo mara ya kwanza kuwa mbele, na hapakuwa na mpira mwingine wa kupiga.

Baada ya hapo hakutwaa tena ubingwa wa dunia. Alikaa kwenye kibanda cha watangazaji, akaendelea nayo kazi hiyo hata baada ya kuacha mashindano ya kulipwa mwaka 2000. Mchezaji akiwa amebakiwa na mweusi mmoja, mtazamaji anajua kwamba anayemsimulia amewahi kuukosa mpira kama ule, kisha akauingiza. Elimu hiyo haiandikwi daftarini.

Na Karnehm huyohuyo, mwaka 1983, alikuwa akitangaza pale Crucible wakati Mkanada Cliff Thorburn alipokaribia pointi 147, yaani mipira myekundu 15, kila mmoja na mweusi wake, kisha rangi zote sita, mkupuo mmoja. Ilikuwa mara ya kwanza kwenye ukumbi ule. Ulipobaki mweusi wa mwisho, Karnehm alimtakia rafiki yake heri kwa maneno yasiyozidi manne, akanyamaza. Tumemsikiliza mara nyingi kwenye simu zetu. Binti yetu husema kwamba kile kimya ndicho anachokisoma.

Sisi tunataka kuifanya kazi hiyo kwa Kiswahili. Marehemu mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, aliyetuaga Februari 2025, aliwafanya wazazi wetu waone uwanja wa mpira kwa masikio, na hakuna aliyemwambia kwamba Kiswahili hakitoshi. Kwa snuka tumekuta lugha tajiri mno, inangoja tu kupangwa. Pointi za kufuatana tunaziita mkupuo. Mpira ukigonga midomo ya shimo ukarudi, shimo limekataa. Mpira uliogandamana na ukingo, umesinzia. Kwa mchezaji ambaye mpira wake umefichwa nyuma ya mwingine tulibishana Jumamosi mbili: wengine walitaka "amezibiwa", wengine "amewekewa ukuta". Mama mmoja anayeuza chai mlangoni alisikia, akasema, "Si amefungiwa mlango tu?" Neno likapita, na leo utalisikia.

Changamoto zipo. Kitambaa kimechakaa kwenye alama ya mpira mweusi, na hatuna mipira ya akiba. Umeme ukikatika tunasubiri gizani, kwa kuwa taa ya meza ni moja. Wazazi wengine bado wanaona meza hizi kama mlango wa kamari na pombe, hasa kwa wasichana. Hatuwalaumu, maana meza nyingi mtaani ziko ndani ya baa. Ndiyo maana hapa hakuna pombe, hakuna kuwekeana pesa, na mlango hufungwa saa kumi na mbili jioni. Wazazi waliokuja leo, mmetupa moyo mno.

Mheshimiwa, maombi yetu kwako si mengi. Tunaomba Jumamosi moja kila mwezi uje uketi na watangazaji wetu, uwasikilize rekodi zao, na uwaambie palipozidi maneno. Tunaomba pia uyafikishe maneno yetu kwa watangazaji wenzako wayapime, wayakosoe, na yanayofaa wayatumie. Kuhusu kitambaa na mipira, tumeanza kuchanga, na ukituunganisha na watu wenye mapenzi na mchezo huu tutashukuru. Lakini tukilazimika kuchagua, tutachagua hizo Jumamosi.

Fainali inaanza sasa hivi. Kiti chako tumekiweka upande wa mpira mweusi, hatua tano kutoka mezani, kando ya kiti cha binti niliyemtaja. Amekuandalia maikrofoni ya pili. Amesema fremu mbili za kwanza atatangaza yeye, na ya tatu angependa kukusikiliza.

Ni sisi wanakikundi, vijana wako wa Makadara.

Asante kwa kutusikiliza, na karibu mezani.