Watengenezaji wa bastola wapunguze urembo, si usalama

Ndugu Mhariri,

Bastola ya dola 200 hainunuliwi na tajiri anayekusanya silaha. Inanunuliwa na mlinzi wa zamu ya usiku, dereva wa teksi, mama anayefungua duka peke yake alfajiri. Hapa Ohio miongoni mwao wamo Waswahili wenzetu, Wakongo na Wakenya, wanaolisoma gazeti lako kwenye simu. Watu hawa hawamwombi mtengenezaji nakshi wala rangi ya kung'aa. Wanataka bastola inayolia inapofyatuliwa, na isiyolia kabisa isipofyatuliwa. Naandika kwa sababu hilo la pili ndilo rahisi zaidi kupunguzwa bei inaposhuka, na sheria ya Marekani imeliacha karibu lote mikononi mwa mtengenezaji.

Wengi hudhani ipo ofisi ya serikali kuu inayokagua usalama wa bastola zinazotengenezwa humu nchini kabla hazijaingia dukani. Haipo. Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji, iliyoundwa kwa sheria ya 1972, inaweza kushughulikia kitanda cha mtoto, kikaango, hata bastola ya plastiki ya kuchezea, na kudai irudishwe kiwandani ikionekana ni ya hatari. Bastola ya risasi imetolewa. Sheria inasema bidhaa inayotozwa kodi maalumu ya silaha, ambayo kwa bastola ni asilimia 10, haihesabiwi kuwa bidhaa ya mlaji. Mnunuzi anaibeba kodi hiyo ndani ya bei, na kodi hiyohiyo ndiyo inayomtoa kwenye ulinzi wa Tume. Kasoro ikijulikana, kinachobaki ni hiari ya kiwanda au kesi mahakamani.

Majimbo machache yamejaribu kuziba pengo. Illinois na South Carolina zilichagua kipimo cha madini: sehemu kuu za bastola zisiyeyuke chini ya nyuzi 800 za Farenhaiti, yaani kama 427 za Selsiasi. Lengo lilikuwa aloi ya zinki iitwayo zamaki, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 380 na kitu za Selsiasi. Kipimo hicho nakiona cha pembeni. Kinakuambia bastola imeundwa kwa nini, hakikuambii itafanya nini ikianguka sakafuni. California walikwenda kwenye kiini. Tangu 2001 bastola tatu za modeli moja hupigwa risasi 600 kila moja. Risasi 20 za kwanza zisikwame hata mara moja, zote 600 zisikwame zaidi ya mara 6, na kusiwe na ufa. Kisha bastola huangushwa kutoka mita moja na sentimita moja juu ya zege, kwa mikao sita, ikiwa na ganda lenye fataki tu, bila baruti wala risasi, ndani ya chemba, yaani pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu. Fataki ikilia, modeli imeanguka mtihani. Hicho ndicho kipimo ambacho mnunuzi yeyote angekielewa bila kufafanuliwa.

Aloi ya zinki si dhambi yenyewe, na hapa wakosoaji wengi hukosea. Hi-Point C9, bastola ya milimita 9 inayotengenezwa Mansfield, Ohio, ina slaidi, yaani sehemu ya juu inayorudi nyuma bastola inapolia, ya zamaki iliyomiminwa kwenye kalibu, na mtutu wa chuma. Haina mfumo wa kufunga mtutu na slaidi pamoja wakati wa mlipuko; kinachoizuia slaidi isifunguke mapema ni uzito wake na springi peke yake. Risasi ya milimita 9 ina kikomo cha shinikizo cha pauni 35,000 kwa inchi ya mraba, kwa hiyo slaidi lazima iwe nene. Ndiyo sababu bastola hiyo ina gramu 820 hivi ikiwa tupu. Tena inabeba risasi 8 tu kwenye magazini, yaani kasha la risasi linaloingizwa kwenye mpini, na kuifungua uisafishe kunahitaji nyundo ndogo na kitoleo cha pini. Ni nzito, ni mbaya kwa sura. Lakini dhamana yake ni ya maisha na inafuata bastola, si mtu: aliyeinunua mkono wa tatu hutengenezewa kama aliyeinunua mpya. Huko ni kupunguza bei mahali panapostahili.

Mfano wa upande wa pili ulitokea California mwaka 1994. Mtu alikuwa anajaribu kutoa risasi kwenye bastola ya Bryco, mojawapo ya zile za bei ya chini zilizokuwa zikitengenezwa kandokando ya Los Angeles. Muundo wake haukuruhusu slaidi ivutwe swichi ikiwa kwenye usalama. Ili kuitoa risasi ilibidi kwanza uiweke bastola tayari kufyatuka. Ikalia, na mtoto wa miaka 7 akapooza. Jopo la raia mahakamani mwaka 2003 liliona muundo huo una kasoro, na kampuni ikaingia kwenye ufilisi. Kuacha nafasi slaidi isogee swichi ikiwa kwenye usalama hakuongezi gharama ya maana.

Bei peke yake haitoshi kuwa kipimo, maana hata majina makubwa yameteleza. Taurus ya Brazil mwaka 2015 ilikubali suluhu ya kesi iliyohusu karibu bastola milioni moja, zikiwemo PT-111 Millennium na PT-24/7, zilizodaiwa kuweza kulia zikianguka. Kampuni haikukiri kosa. Ruger, kampuni ya Marekani, mwaka 2008 iliziita zirudi kiwandani bastola zake ndogo za kwanza za LCP kwa hofu hiyohiyo. Na ni Ruger hiyohiyo inayoonyesha jinsi mambo yanavyotakiwa kwenda: bastola zake za silinda za muundo wa kale, zilizotengenezwa kati ya 1953 na 1972, zilikuwa na nyundo inayokaa moja kwa moja juu ya pini ya kufyatulia, kwa hiyo pigo kwenye nyundo liliweza kuilipua risasi. Kiwanda kinaziwekea kipande cha kuzuia bila malipo, hata leo, na kumrudishia mwenyewe vipande vyake vya zamani.

Kwa kuwa mtihani mwingi umeachiwa mnunuzi, basi aujue. Dukani, toa magazini kwanza, ndipo uvute slaidi, uifunge wazi, utazame chemba na kuigusa kwa kidole. Mpangilio huo haugeuzwi: ukivuta slaidi magazini yenye risasi ikiwa ndani, risasi moja hutoka na nyingine huingia palepale. Kisha jaribu kuvuta slaidi swichi ikiwa kwenye usalama. Ikikataa, ujue kila utakapoitoa risasi utakuwa bila kinga. Zipo bastola ghali za namna hiyo pia, kama zile za muundo wa kale uitwao 1911, ila mwenye nayo lazima ajue.

Omba ruhusa ya kufyatua ikiwa tupu. Tumbukiza penseli mtutuni, upande wa kifutio utangulie, elekeza juu mahali salama, fyatua: penseli iruke. Ikitikisika tu, springi ya pini imechoka au kuna uchafu. Baadhi ya bastola hazifyatuki bila magazini, basi tia magazini tupu. Kwa ya mkono wa pili, angalia ufa kwenye pembe za dirisha la kutolea maganda na chini ya reli za slaidi, halafu tafuta namba yake kwenye tovuti ya kiwanda uone kama iliitwa irudi kiwandani.

Usiitegemee kabla haijapiga walau boksi nne za risasi 50. Kwa robo dola hivi kila risasi, hiyo ni kama robo ya bei ya bastola yenyewe, na watu wengi hapo ndipo wanapobana matumizi. Ziandike magazini zako 1 na 2 kwa kalamu ya wino mzito. Ikikwama kwa namba 1 tu, kosa ni la magazini, mara nyingi midomo yake ya juu imepanuka au kubanwa. Ikikwama kwa zote, badilisha aina ya risasi, na kaza kifundo cha mkono: bastola nyepesi ikishikwa kilegevu slaidi haimalizi safari yake. Risasi zenye ncha ya shimo zijaribiwe peke yake, kwani zinaweza kugota mlangoni mwa chemba hata pale za kichwa cha mviringo zinapopita vizuri.

Haya ndiyo tunayowaomba watengenezaji. Matokeo ya kuangushwa na ya risasi 600 yachapwe kwenye boksi, hata kwa majimbo yasiyoyadai. Hatua za kutoa risasi zichorwe kwa picha ndani ya kifuniko, maana vijitabu vingi huja kwa Kiingereza, pengine na Kihispania, na wanunuzi wengi hawazisomi lugha hizo vizuri. Boksi liwe na magazini mbili badala ya moja na stika. Springi na pini ziuzwe kwa yeyote. Na orodha ya namba za bastola zilizoitwa kiwandani, za kampuni zote, iwekwe mahali pamoja, ili mnunuzi wa mkono wa pili aiangalie akiwa bado kaunta, kabla hajatoa pesa.

Msomaji wenu,
Columbus, Ohio