Kwa binamu yangu anayesema ule wimbo ni wa The Animals

Binamu,

Ile voisi uliyonitumia ukipiga House of the Rising Sun imenifurahisha kweli, vidole vimeshakubali, ila pale mwisho ulipoongeza eti wengine wote wamewaiga The Animals, ile bendi ya rock ya Uingereza, nikasema huyu dogo namjibu hadharani.

Wimbo huo hauna mwenyewe, bro. Clarence Ashley na Gwen Foster waliurekodi 1933 na wao waliukuta unaimbwa tu, afu 1937 Alan Lomax, mkusanyaji wa nyimbo za asili za Marekani, akapita Middlesboro, Kentucky, na mashine yake ya kurekodia akamkuta Georgia Turner, binti wa miaka 16, mtoto wa mchimba makaa. Kwake yeye anayelia ni msichana, hiyo nyumba ya Rising Sun kule New Orleans imemharibia maisha na anataka mdogo wake aambiwe asije akafuata njia hiyo.

Sa umbea unaanza hapa. Mwimbaji na mpiga gitaa Dave Van Ronk aliupanga upya, besi inashuka pole pole chini ya sauti, mwimbaji mwenzie Bob Dylan akaubeba vile vile akaurekodi 1961 kwa albamu yake ya kwanza bila kusubiri ruhusa ya Van Ronk, matokeo yake Van Ronk akaacha kuupiga maana watu walikuwa wanamwambia kamuiga Dylan! 1964 wakaja The Animals, na Dylan naye akaacha, maana sasa yeye ndo anaambiwa kawaiga wao. Nilicheka sana.

Hizo kodi za gitaa Am, C, D, F unazodonoa uzi mmoja mmoja ni mkono wa Hilton Valentine, mpiga gitaa wa The Animals, na kinanda cha Alan Price kinapanda mpaka kinagombana na sauti ya mwimbaji wao Eric Burdon, na yote hayo walirekodi mara moja tu wakatoka. Msichana kawa mvulana, baba ndo mcheza kamari. Kwenye lebo ya sahani likaandikwa jina la Price peke yake kama aliyeupanga muziki, hela ikafuata jina, wenzie wakabaki na kinyongo.

Mwaka huo huo wa 1964 mwimbaji wa Ufaransa Johnny Hallyday kauimba Kifaransa, nyumba ikawa jela. 1977 kundi la Santa Esmeralda wakautia disko na makofi, mi hiyo siiwezi kabisa, mtu analia we unamchezea? Dolly Parton, yule mwimbaji wa country, angalau aliurudisha kwa mwanamke.

Kabla hujarekodi yako jaribu kuuimba kama yule binti, achana na baba mcheza kamari, na punguza spidi, ukifika kwenye F unakimbia maana bado unaiogopa.