Mafaili ya shule yasikae kwenye akaunti ya mwalimu mmoja

Mhariri, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa fizikia sekondari moja huku Singida, naomba nafasi kidogo maana hili jambo linaniuma na najua siko peke yangu.

Zamani kila kitu tulikua tunabeba kwenye flashi, ukiipeleka steshenari kuprinti inarudi na virusi, mafaili yote yamegeuka shotikati, usiku unakaa unachapa upya. Kwahiyo mwenzetu mmoja alipotufungulia folda Google Drive, yaani stoo ya mafaili ya mtandaoni, tulifurahi sana. Mtihani ukiurekebisha nyumbani kwa simu, asubuhi kompyuta ya taaluma nayo inaonyesha marekebisho yale yale, na watoto wa kidato cha nne tukawa tunawapa linki wanasoma jioni kwa simu ya mzazi. GB 15 za bure, kwa notsi na pasti pepa ni nyingi.

Tatizo kompyuta ile ilikua imefunguliwa kwa akaunti yake binafsi, kwahiyo chochote tulichoweka pale kilikua chake. Akahamishwa. Mwezi wa 12 nafasi yake ikajaa, maana picha na imeili zinakula hizo hizo GB 15, akafuta folda akijua sisi tuna kopi yetu kwenye kompyuta. Hatukua nayo! Ukifuta upande mmoja na upande wa pili kinafutika, ndo mafaili yanavyosinki, sio kopi ya akiba hata kidogo. Kapu la taka la Drive linatunza siku 30 tu, sisi tumerudi likizo Januari siku zimeshapita. Simlaumu yule ndugu, hakuna aliyetufundisha hayo.

Ombi langu kwa maafisa elimu wa halmashauri, akaunti iwe ya shule na namba ya simu ya kuirudishia akaunti paswadi ikipotea iwe ya shule, paswadi awe nayo mkuu wa shule na mwalimu wa taaluma. Google wana huduma ya bure kwa shule zinazokidhi vigezo, kila mwalimu anapewa akaunti ya jina la shule, akihama mafaili yake anakabidhiwa mwingine, ila kuisajili kunataka shule iwe na anwani yake ya tovuti na hapo ndo tunakwama, mtu wa tehama wa halmashauri akija siku moja tu anatumalizia. Wanafunzi wapewe ruhusa ya kuangalia tu wasihariri, na mtihani ambao haujafanyika usiwekwe humo kabisa. Kila mwisho wa mwezi kopi iingie kwenye hadi diski ifungiwe kabatini.

Tufundishwe pia kuacha mafaili kwenye simu yafunguke bila mtandao. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika intaneti ilisumbua nchi nzima, mimi notsi za wiki ile nilikua nimeziweka hivyo nikafundisha kama kawaida, bahati mbaya nilikua nimefanya kwa mada ile moja tu.

Za kidato cha nne bado nazichapa upya, mawimbi nimemaliza, sasa niko kwenye usumakuumeme.

Mwalimu wa fizikia,
Singida