Leseni ikichukuliwa, na funguo zichukuliwe

Mhariri,

Mimi ni utingo wa trela, njia ya Malaba hadi Kampala. Polisi wa Kawunyemu, ule msako wa Uganda wa madereva walevi, na kile kifaa chao cha kupuliza nawaunga mkono kabisa. Kikomo ni miligramu 80 za pombe katika mililita 100 za damu. Anayezidisha apelekwe kortini. Kinachoniumiza ni yanayotokea baada ya korti.

Dereva mmoja niliyefanya naye kazi alitiwa hatiani, akalipa faini, akafungiwa kuendesha. Tajiri wetu alijua fika. Akamwambia, "Wewe tembea usiku, hakuna wa kukuuliza." Nikapanda naye. Hata Bugiri hatujafika, tairi za kushoto zilikuwa zinasaga kokoto za kando, na chini ya kiti chupa ya waragi inagonga chuma kila penye tuta. Nilishuka Iganga, mshahara nikauacha hukohuko.

Wapo wanaosema kumnyima dereva leseni ni kuwanyima wanawe posho. Nawaelewa, nami nina watoto. Lakini wale vijana wa bodaboda tunaowapita Idudi gizani wana watoto pia.

Korti ikimfungia mtu, mwajiri wake aandikiwe barua siku hiyohiyo. Akimkabidhi funguo tena, wasimame wote wawili kizimbani. Na Kawunyemu waje Naluwerere, kituo cha malori pale Bugiri, saa tisa za usiku, malori yanapong'oa nanga.

Utingo,
Malaba